Mwenye Kusaini ni Muli

Syokau alipanga foleni tangu saa mbili asubuhi, kitambulisho mkononi, nje ya kanisa la mabati pale Laini Saba. Hakuletwa na mtu. Alisikia kipaza sauti kikitangaza chanjo ya korona, akafunga kibanda chake cha mboga za sukuma, akaja.

Mbele yake alikuwa jirani yake, Mideva. "Sista, mimi natumia dawa ya presha. Hii haitanisumbua?"

Nesi Eddah alimweleza polepole, hata akamtania. "Utaumwa mkono siku mbili, mama. Mzee atakupikia." Mideva akacheka, akasaini fomu ya kukubali chanjo, akadungwa.

Syokau akaketi. "Mimi nina sindano ya kila mwezi, ya akili. Nilidungwa juzi. Hizi mbili haziwezi kugombana mwilini?"

Kalamu ya Eddah ikasimama. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Nani anakuchunga?"

Kuchungwa! Mwanamke wa miaka arobaini na miwili, anajipikia, anajilipia nyumba. Ilimuuma. Lakini ubishi kama huu alishabishana mara ngapi? Alichoka zamani.

"Nijibu tu, sista. Ukinijibu nitasaini."

"Ameanza," Eddah akamwambia karani wa fomu aliyeketi kando yake. "Mwiteni mtu wa kwao."

Ndivyo ilivyo. Mgonjwa wa akili akinyamaza, amezidiwa; akiuliza, amezidiwa.

Mideva, kwa roho yake safi, akakimbia kumwita Muli, mdogo wake Syokau, fundi wa kuchomelea mageti kando ya reli. Akaja mbio, miwani ya kazi kichwani.

"Amesumbua?"

"Saini hapa kwa niaba yake."

"Muli, nimeuliza swali tu," Syokau alisema.

"Dada, please. Watu wanatuangalia." Akasaini bila kusoma.

Eddah akampandisha Syokau mkono wa sweta, akadunga. Kwenye fomu akaandika: *Haelewi.* Syokau aliyasoma maandishi hayo yakiwa juu chini. Kusoma alijua vizuri sana.

"Na wewe, fundi, umechanjwa?" Eddah akamuuliza Muli.

Muli akarudi nyuma hatua moja. "Aah, mimi bado. Kuna vitu tunaskia huku mtaani. Wacha nifikirie kwanza."

"Hakuna shida. Hatulazimishi mtu." Eddah akamtolea tabasamu. "Ukiwa na swali lolote, kuja uniulize."

Syokau, pamba ingali mkononi, akafungua mdomo.

"Wewe umemaliza, mama," karani akamwambia. "Pisha wengine."