Mstari kwenye Dumu

Uzito uliokuwa unavuta mguu wa mdogo wangu Pasikali ulikuwa unapungua kila siku, na aliyekuwa anaupunguza ni mimi. Mguu usipovutwa sawasawa unaunga mfupi. Hilo niliambiwa siku ya kwanza, kwa maneno ya wazi, na muuguzi ambaye hakuwa na muda wa kurudia.

Sisi ni wapasua mbao. Msumeno wetu ni wa watu wawili: mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine chini. Wa juu ndiye anayeufuata mstari. Mimi nilikuwa nachora mstari kwa uzi uliopakwa unga mweusi wa betri, naukaza, nauachia, unapiga gogo mara moja, basi. Pasikali alikuwa juu. Jicho lake ni zuri, na anatembea juu ya gogo kama mwingine anavyotembea barabarani.

Juni mwaka 2014 tulikuwa Titye, tunapasua mikaratusi ya mtu. Gogo moja sikuliwekea kabari upande mmoja. Niliona halihitaji. Lilizunguka, Pasikali akaanguka, likampitia juu ya paja la kulia. Tulimbeba kwa ngazi mpaka barabarani, tukapata gari la mihogo mpaka Kasulu.

Hospitalini walimpitisha chuma chembamba chini ya goti, wakafunga kamba, kamba ikapita kwenye kapi mwisho wa kitanda, na mwisho wa kamba wakaning'iniza dumu la njano la lita kumi lililokuwa la mafuta ya kula. Vyuma vya uzito vilikuwa vimeshachukuliwa na wagonjwa wengine.

"Humu kuna lita nane za maji," alisema Sista Shamsia. Ni mtu wa Tanga, mwembamba, anaongea haraka. "Lita moja ni kilo moja. Misuli ya paja ina nguvu, inauvuta mfupa uliovunjika upande juu ya mwenzake. Hizi kilo nane zinaizuia. Dumu lisiguse chini, lisiguse kitanda, lisipungue. Umenielewa, kaka?"

"Nimeelewa."

"Mkae hivi wiki nane, tisa. Ukiona vidole vimepoa au vimebadilika rangi, niite. Akilia kwa maumivu, niite. Usifanye kitu chako mwenyewe."

Alipima miguu yote miwili kwa futi ya fundi nguo, kutoka mfupa wa nyonga mpaka kifundo. Mguu uliovunjika ulikuwa umepungua sentimita moja. Akaandika kwenye karatasi ya kitandani.

Ilikuwa Jumatatu. Jumatano mchana Pasikali aliniambia, "Kaka, uzito unaning'ata. Ni kama mtu anang'oa mguu polepole. Nipunguzie kidogo tu."

"Nimwite sista?"

"Atanipa kidonge kile kile. Punguza kidogo. Kikombe kimoja."

Sista alikuwa upande wa pili wa wodi anafunga kidonda. Wagonjwa thelathini na mbili, yeye mmoja. Nilimimina kikombe kimoja cha bati, nusu lita, nikakimwaga dirishani. Baada ya muda misuli ya paja iliacha kurukaruka, Pasikali akalala. Nikajiambia, kumbe. Mfupa uliovunjika si unataka kupumzika? Nani alishaona kitu kilichovunjika kinapona kwa kuvutwa? Mimi niliishia darasa la nne, lakini kwa mbao na kwa miili nilidhani najua.

Kila mchana nikawa namwaga kikombe kimoja.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee Nsabimana. Alitoka Burundi mwaka 1972 akiwa kijana, akawa Mtanzania, akalima Kagerankanda hadi uzee, kisha akaanguka kisimani akavunjika nyonga. Hakuweza kujigeuza. Binti yake Philomena ndiye aliyekuwa anamgeuza: kushoto, chali, kulia, kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, akimpaka mafuta mgongoni. Mzee alipenda utani.

"Weye Nicodemus," aliniambia siku moja, "ndugu yako amefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Mtamchinja lini?"

"Subiri nyama iive, mzee," Pasikali akajibu, na tukacheka wote watatu. Mzee alikuwa wa kwanza kunyamaza. Aliangalia kikombe changu.

Jumatatu ya pili Sista Shamsia aliinua dumu kwa mkono, kama mtu anayepima mzigo sokoni.

"Hili ni jepesi."

Akamwaga maji kwenye ndoo yenye alama. Lita tano.

"Nani anachukua maji haya?"

Bomba la uani lilikuwa linatoa asubuhi tu. Mchana kila mtu alitafuta maji. Na wakati ule ule Philomena aliingia na kikombe kilicholowa mkononi.

"Ni wewe?"

"Mimi, sista? Haya nimeomba jikoni."

"Kila siku unaosha mgongo wa mzee hapa. Maji unatoa wapi mchana, bomba limekauka?"

"Nimesema jikoni."

"Jikoni hawatoi maji kwa mtu." Sauti ya Sista ilipanda. "Huyu kijana mguu wake utaunga mfupi kwa ajili ya maji ya kuoshea! Kuanzia leo utaingia saa ya kutazama wagonjwa tu, asubuhi na jioni, kama wengine. Ikiisha, unatoka."

Philomena aliniangalia. Nadhani alinitazama kwa sababu nilikuwa karibu, si kwa sababu alijua. Nilikuwa nimeshika ncha ya shuka ya Pasikali, nikaikunja, nikaikunjua.



Sista alijaza dumu mpaka lita nane, akachukua kalamu ya wino mzito iliyofungwa kwa uzi kwenye meza yake, akachora mstari wa buluu kwenye dumu pale maji yalipofika. "Sasa kila mtu ataona," alisema.

Pasikali alilia mchana ule mpaka watu wakaziba masikio. Kilo tatu zilikuwa zimerudi zote kwa mara moja.

Jumanne nilifanya jambo baya zaidi. Sista alipokwenda kuchukua dawa, nilifuta mstari wake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Nikamwaga lita mbili. Nikachukua ile kalamu, nikazungushia uzi kwenye dumu pale maji yalipofika, nikaukaza, nikachora kwa kuufuata. Kazi ya dakika mbili. Kazi niliyoizoea.

Sista alirudi, akatupia jicho mstari, maji yamegusa mstari, akapita. Siku hiyo, na Jumatano, na Alhamisi.

Pasikali akalala vizuri. Mzee Nsabimana hakulala. Saa zile ambazo Philomena alikuwa amekaa nje ya geti, mzee alibaki chali, hivyo hivyo, kama mbao iliyowekwa juani. Alhamisi nilisimama nikamfuata.

"Mzee, nikugeuze kidogo?"

"Usiniguse."

"Nitakugeuza taratibu."

"Mkono wako una maji," alisema. Hakupandisha sauti. "Nimeona kikombe. Nimeona na uzi. Nilidhani utasema mwenyewe siku ile mtoto wangu anafukuzwa."

Nikaangalia mlangoni. Hakukuwa na mtu.

"Sasa kwa nini usiseme wewe?"

"Mimi nikisema, ni mzee Mrundi anamsingizia Muha wa hapa. Ukisema weye, ni ukweli. Nakupa mpaka Jumapili, misa ikitoka. Baada ya hapo nitapiga kelele mpaka daktari aje, na hapo sitachagua maneno."

"Mzee, ndugu yangu anaumia."

"Ego, anaumia. Na mimi je?"

Ijumaa Sista Shamsia alimwosha mzee mwenyewe. Nilimsikia anavuta pumzi kwa meno. Chini ya mgongo, juu kidogo ya matako, ngozi ilikuwa imeachia. Kidonda kilikuwa kama kizibo cha soda, na pembeni yake pamekuwa pekundu na pa moto. Alikisafisha. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, akakaa hivyo kama dakika moja.

"Nilikuwa nakugeuza nikipata nafasi," alimwambia mzee. "Sikupata nafasi ya kutosha."

"Najua, mwanangu. Hamko wengi."

Sikula siku hiyo. Pasikali aliona.

"Kaka, una nini?"

"Mzee amepata kidonda kwa sababu ya kikombe chetu."

"Ukisema, watarudisha kilo."

"Watarudisha."

"Basi ngoja hiyo Jumapili aliyosema mzee," alisema, na akageuza uso ukutani. Nikangoja. Sisemi alinilazimisha. Nilingoja kwa sababu na mimi nilitaka kungoja.

Jumamosi asubuhi Sista alikuja na futi yake. Alipima mguu mzima, akapima uliovunjika. Akapima tena. Akaangalia karatasi.

"Sentimita nne na nusu," alisema. "Mara ya kwanza ilikuwa moja."



"Kilo nane zinavuta, mguu unafupika. Haiwezekani." Aliangalia kamba, akaangalia kapi, akaangalia dumu. Akainama, akapiga goti kwenye sakafu, akaliangalia lile dumu kwa karibu.

"Mstari huu si wangu," alisema.

Alisimama.

"Mimi nilichora nimesimama, mkono unatetemeka kwa hasira. Mstari wangu ulipanda upande huu, ukashuka upande ule. Huu umenyooka dumu lote, mbele na nyuma. Umenyooka kama ubao." Akageuka polepole, akaangalia vitanda vyote, kimoja kimoja. "Nani humu ndani anajua kupiga mstari hivi?"

Mwanamume mmoja mwenye mkono kwenye plasta aliacha kutafuna. Mzee Nsabimana aliangalia dari. Wote walijua kazi yetu. Pasikali alikuwa ameshawasimulia mara kumi.

"Mimi nilimwomba," Pasikali akasema haraka. "Sista, kosa ni langu, mimi ndiye nilimwomba."

"Sijauliza nani aliomba."

"Ni mimi," nikasema. "Kikombe, uzi, mstari, vyote mimi. Philomena hakuchukua hata tone. Nilimwona anafukuzwa na nikanyamaza."

Nilitegemea atanipiga kofi. Nilitamani anipige. Alimwaga maji kwenye ndoo kwanza. Lita sita.

"Kama ungesema Jumatatu ile," alisema, "tungekuwa tumevuta siku tano sawasawa. Mfupa ukivunjika unaanza kujishika wenyewe taratibu, kama udongo wa tofali unavyokauka. Siku hizi tano ulikuwa bado tope. Leo umeanza kukauka. Umeelewa, au nirudie?"

"Nimeelewa."

"Siku ya kwanza pia ulielewa."

Alitoka kwenda kwa daktari. Alirudi na ruhusa ya kilo kumi na sindano ya maumivu. Lakini kabla ya kumgusa Pasikali alikwenda mpaka getini mwenyewe, akamleta Philomena katikati ya wodi, na akamwambia mbele ya watu wote, "Nilikuonea. Nisamehe." Philomena alipita moja kwa moja mpaka kitandani kwa baba yake, akafunua shuka, akaona bandeji.

Aliikazia macho. Kisha akaniita kwa jina la mwanangu, bila kunitazama.

"Baba Elieth. Shika shuka upande ule. Nikisema sasa, vuta."

Nilimwangalia mzee. Mzee alifumba macho.

"Sasa."

Tukamgeuza.

Kilo kumi zikapanda. Nilimshika Pasikali mabega, Sista akiwa amesimama upande wa vidole vya mguu, anavigusa, anauliza, "Unahisi hapa? Chezesha. Tena." Sindano ilikuwa imepunguza maumivu, haikuyaondoa. Pasikali aliniuma kwenye mkono, alama ipo mpaka leo. Kila asubuhi futi ilitolewa. Nne. Tatu na nusu. Tatu na nusu. Tatu. Usiku nilikuwa nalala chini ya kitanda nikihesabu kana kwamba kuhesabu kunavuta. Siku ya kumi na moja ilisoma mbili na nusu. Siku ya kumi na mbili, mbili na nusu. Siku ya ishirini, mbili na nusu. Sista alikunja futi akaiweka mfukoni.

"Mfupa umeshika," alisema.

Na hesabu yenyewe ni hii. Mguu wa Pasikali umepungua sentimita mbili na nusu. Kiatu chake cha kulia kina soli tatu za tairi zilizopigiliwa moja juu ya nyingine, na hubadilishwa kila baada ya miezi minne. Kitandani alikaa wiki kumi na tatu badala ya tisa. Kidonda cha mzee Nsabimana kilifunga baada ya siku hamsini na moja, na kwa siku hizo zote alilalia ubavu. Juu ya gogo Pasikali hawezi kusimama. Amejaribu mara mbili, ameanguka mara mbili. Sasa nasimama mimi, naye yuko chini, na macho yangu si kama yake. Zamani tulikuwa tunatoa mbao kumi na mbili kwa siku. Sasa ni saba, na mbili kati ya hizo zimepinda.