Nyumba Iliyofungwa kwa Nati

Mahfudha alikuwa anakereza puli ya mashine ya kukobolea mpunga, uani kwake Gongo la Mboto, Rogers wa ofisi ya barabara alipoingia na kopo la rangi nyekundu ya kuchorea X kwenye nyumba za kuvunjwa. Alisubiri mashine izimwe. Ana adabu, kijana yule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. X ya wapi leo?"

"Hapa hapa. Sebule na kibaraza vimeingia barabarani."

"Juzi havikuwemo."

"Juzi mpaka ulikuwa kule."

Barabara yenyewe haikuwa imefika. Mpaka ndio uliotangulia.

Mahfudha hakubishana. Katika kazi yake, mota ikikaa vibaya haivunjwi, inasogezwa. Pleti anazotengeneza, yaani vile vyuma vinene vya kufungia mota, hazina matundu ya duara. Anachonga matundu marefu ili bolti itembee: ukitaka mkanda ukaze, unalegeza nati, unasukuma mota, unafunga. Basi alikata chesisi ya lori bovu, akachonga pleti nne za saizi ya kitanda, akaazima jeki kwa jirani yake Gozbert, akainua nyumba na kuzifunga kwenye pembe za msingi.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, alilegeza nati na kusukuma nyumba kwa mtaimbo. Ilirudi nyuma hadi ikaupita mpaka mpya.

"Polepole, dada," mdogo wake Khulud alisema kutoka jikoni. "Nina mafuta ya moto huku."

Rogers alikuja, akazunguka nyumba, akagonga nati moja kwa kidole.

"Kazi safi, mama. Sasa ishu ni moja. Nyumba isiyovunjwa haina fidia."

"Na kiwanja nilichoacha mbele je?"

"Kiwanja nacho hakijavunjwa. Si unakiona pale?"

Kiwanja kilionekana vizuri kwa siku chache, kisha kikazungushiwa mabati na kuwekwa geti. Ndani likaegeshwa lori la mfanyabiashara mmoja, shemeji wa mkubwa wa Rogers, naye akapewa hati.

"Barabara gani ina geti?" Gozbert aliuliza.

"Ya kulipia hiyo," Khulud alisema. "Anza kudunduliza."

Mahfudha alikwenda ofisini mara kadhaa. Walimkalisha, wakampa soda, wakamsifia pleti zake. Kuhusu kiwanja walimwambia kuwa amekihama mwenyewe, tena kwa ufundi mkubwa.

Siku aliyochoka na soda, alirudi nyumbani akachukua spana. Tundu refu halimchagulii mtu upande. Alilegeza nati, akaegemea mtaimbo, nyumba ikaenda mbele. Ililalia mabati, ikalimeza lori taratibu, ikasimama pale pale ilipokuwa zamani. Akakaza nati kwa nguvu zake zote, akaenda kumalizia puli ya watu.

Lori lilibaki sebuleni, kati ya kabati la vyombo na runinga.

Dereva wake, Faraji, alifika asubuhi na kubisha hodi.

"Vua viatu," Khulud alimwambia. "Pamepigwa deki."

Faraji alivua, akaamkia, akapanda lori na kulitoa. Mlango wa mbele ulijitanua kulipisha, kisha ukarudi saizi yake. Jioni alilirudisha. Ikawa hivyo kila siku, isipokuwa Jumapili, maana Jumapili lori linapumzika na wageni wanakaa kwenye bodi.

Rogers aliletwa kutoa uamuzi. Alipima sebule kwa futikamba, akanywa chai iliyopozwa juu ya boneti.

"Nyumba ni yako, mama, hilo halina ubishi," alisema. "Ila ardhi ya chini yake ina hati ya mtu, na yeye hana ugomvi na nyie. Mnaweza kuendelea kukaa."

"Nakaa kwangu," Mahfudha alisema.

"Ndiyo, mama."

Mwezi uliofuata Faraji alileta salamu za tajiri wake. Tajiri anawashukuru kwa ujirani mwema, anaomba kitu kimoja tu: kochi linabana lori likirudi nyuma.

Uani, Mahfudha alikuwa amewasha mashine, hakusikia. Khulud alilitazama kochi kwa muda. Kisha akalisogeza.