Ya Mawe au ya Gesi?

Kinyozi yule alikuwa na maneno kuliko redio. Mteja akikaa kitini, kabla hata kitambaa hakijafungwa shingoni, keshaulizwa habari za watoto, za kazi, na za goti lililokuwa likimsumbua. Lakini akipewa simu aongee na binti yake wa pekee, ulimi unakufa ganzi.

Binti huyo, ambaye nyumbani walimwita Maswali, alikuwa ng'ambo miaka mingi sasa, akichunguza sayari zinazozunguka nyota za mbali. Kila Jumapili alipiga simu. Mama yake, fundi cherehani, aliing'ang'ania simu mpaka ikapata moto, ndipo akampa mumewe makombo.

"Umekula?" kinyozi aliuliza.

"Nimekula, Baba. Na wewe?"

"Nimekula."

Basi. Akishakata simu, alitoka kibarazani na kusimama peke yake, maneno yote aliyoyakosa yakimjia kwa mkupuo.

Wateja walipouliza binti anafanya kazi gani, alijibu, "Anahesabu nyota." Wakacheka, naye akacheka nao, ila moyoni kicheko hicho kilimchoma. Hakujua zaidi ya hapo.

Siku moja aliyekaa kitini alikuwa mwalimu wa fizikia.

"Mwalimu," kinyozi alimwambia huku akimpaka povu, "hebu nifundishe sayari. Taratibu, kama mtoto."

Mwalimu alijitahidi, ingawa wembe ulikuwa kidevuni. Zilizo karibu na Jua, alisema, ni za mawe: Zebaki, Zuhura, hii Dunia yetu, na Mirihi. Kisha yanakuja majitu ya gesi, Mshtarii na Zohali, hayana hata ardhi ya kukanyaga. Mbali zaidi yako majitu ya barafu, Uranus na Neptuni. Pluto ilikuwa ikihesabiwa pamoja nazo, halafu ikashushwa ikawa sayari kibete.

"Kosa lake nini?"

"Inazunguka Jua, tena ni mviringo, hapo haina tatizo. Ila haijasafisha njia yake. Inapita katikati ya vipande chungu nzima vya barafu na mawe."

"Masikini," alisema kinyozi. "Hata kichogo chako ningekisafisha nusu nusu, ungenishusha cheo?"

Wiki nzima alijifundisha kimoyomoyo. Jumapili simu ilipolia, aliiwahi kabla ya mkewe.

"Baba? Mama yuko wapi? Kuna nini?" Maswali aliingiwa na wasiwasi.

"Hakuna kitu. Nataka kukuuliza. Hiyo sayari unayoihangaikia ni ya mawe au ya gesi? Maana nasikia Mshtarii ni jitu la barafu..."

Upande wa pili akasikia kicheko, kile cha zamani, cha kukosa pumzi.

"Mshtarii ni la gesi, Baba. Nani kakufundisha?"

"Niache na walimu wangu. Jibu swali."

Akajibu, na alipoanza hakutaka kunyamaza. Sayari yake ilikuwa kubwa kuliko Dunia na ndogo kuliko Neptuni. Kati ya sayari za Jua letu hakuna hata moja ya ukubwa huo, lakini kwenye nyota nyingine zimejaa tele. Wenzake walibishana: wengine wakisema ni jiwe kubwa, wengine wakisema imejifunika gesi nene.

"Si mwiangalie tu?"

"Haionekani, Baba. Ikipita mbele ya nyota yake, mwanga unapungua kidogo, hapo tunajua ukubwa. Nayo inaivuta nyota, nyota inayumba, hapo tunajua uzito. Ndogo halafu nzito, hiyo ni ya mawe. Kubwa halafu nyepesi, imevaa gesi."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono ameunyoosha, macho yakidai simu. Kinyozi akamgeuzia mgongo.

"Baba," sauti ya binti ikashuka. "Nataka wewe ujue kwanza. Mkataba wangu wameuongeza. Sirudi mwaka huu."

Kinyozi alitaka kumwambia "rudi", akajizuia.

"Mkishajua ni ya aina gani, utanipigia?"

"Nitakupigia."

"Haya. Ongea na mama yako." Akatoka nje. Chakula cha siku ile kilimshinda.

Miezi ikapita. Adhuhuri moja simu ikalia dukani kwake, na mteja aliyekuwa kitini amenyolewa upande mmoja tu.

"Ni ya mawe, Baba! Tumepima upya, ni nzito mno."

Kinyozi akaweka sauti ya simu juu, akawatangazia waliokuwa kwenye benchi. Watu wakapiga makofi, hata yule wa nusu kichwa. Makofi yalipokwisha, kinyozi akairudisha simu sikioni.

"Upo?" kinyozi aliuliza.

"Nipo. Nani yuko hapo?"

Akamtajia mmoja mmoja: fundi baiskeli, jirani wa duka la dawa, na bwana mmoja anayedai hana mvi.

"Baba, washa mashine nisikie."

"Mashine ya kunyolea?"

"Ndiyo. Nilikuwa nikipata usingizi kwa mlio wake hapo kwenye benchi nikitoka shule."

Akaiwasha, akaishika karibu na simu. Mashine ikanguruma. Mteja alikaa na kichwa chake cha nusu bila kulalamika, mpaka binti mwenyewe alipokata simu.