Kikapu cha Walioridhika

Kosa lilianza na neno "moto", na siku lilipoanza wote walicheka.

Duka lao halina mlango. Watu hununua kwa simu: chaja, spika, pasi, saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo. Wakishapokea mzigo huandika maoni. Programu huyasoma maoni hayo na kuyatupa katika vikapu vitatu, Walioridhika, Waliokasirika na Wapowapo, kisha wafanyakazi watatu, kila mmoja akiwa kwake, huchungulia kuona kama programu imetupa sawasawa. Mmoja wao ni binti ambaye wenzake humwita Kimya. Mkutano mzima huupitisha kipaza sauti kimezimwa, akiitikia kwa kichwa tu, na mkutano ukiisha ndiye wa kwanza kutoweka.

Ni kazi isiyochosha mikono. "Spika nzuri sana, jirani kahama." Hayo ni ya Walioridhika, isipokuwa kama aliyeandika ni jirani. "Saa inasema nimetembea sana, kumbe nilikuwa nafua." Wapowapo. "Pasi haijafika ila dereva ana lugha tamu." Hapo Kimya hukaa akitazama ukuta.

Programu ilitengenezwa na watu wa mbali. Ilipoona neno moto ilidhani nyumba inaungua, ikayatupa maoni kwa Waliokasirika na kupiga kengele kwenye dawati la usalama. Lakini watu wakipenda kitu huandika nini? "Simu moto!" "Hii spika ni moto wa kuotea mbali!" Dawati la usalama likafurika pongezi mpaka likalalamika. Ndipo Mzee wa Foleni, mwenzao aliyepata jina hilo kwa hadithi zake za barabarani, akasema mkutanoni, "Jamani, tuifundishe hii mashine Kiswahili. Moto ni sifa."

Mama Pacha, ambaye ndiye wa tatu, alicheka hadi pacha mmoja akaamka. Msimamizi akaidhinisha. Tangu hapo kila moto ulitua kwa Walioridhika, na kikapu hicho hakikaguliwi sana. Nani ana muda wa kuchunguza furaha ya watu?

Asubuhi hiyo Kimya alikuwa amekwishamtoa baba yake kitandani. Kazi hiyo wanaifanya kwa mpango: baba humshika mabegani, naye humshika kiunoni, wanahesabu pamoja, wanainuka, wanageuka kidogo kidogo kama watu wanaohamisha kabati, mpaka baba anatua kwenye kiti cha dirishani. Mchana humrudisha kitandani vilevile. Baba alikuwa fundi cherehani mpaka pikipiki ilipomparamia akivuka barabara. Madaktari waliunga mguu kwa chuma na kusema atatembea. Mguu wenyewe bado haujakubali.

"Hii saa uliyoninunulia ina kiburi," baba alisema. "Imeniambia nisimame. Imeniona wapi mimi?"

"Izime basi, baba."

"Siizimi. Ukishaingia kwenye hiyo kompyuta, nani mwingine ananisemesha?"

Kimya alicheka kidogo, akaenda kukaa mezani. Kati ya meza yake na kiti cha baba kuna hatua chache tu, na kwa ajili ya hatua hizo alikuwa ameing'ang'ania kazi ya kufanyia nyumbani kwa meno. Ofisi iko upande wa pili wa mji. Aendaye huko hupanda basi, akashuka, akapanda jingine, akatembea, akafika amekwishachoka kabla hajafanya lolote. Hutoka watu wa nyumbani wamelala na kurudi wakipiga miayo. Nao wenye kampuni walikuwa wameanza kusema watu warudi. "Wanaamini mtu akiwa kwake anapika," msimamizi aliwaambia. "Nimewatetea kwa nguvu zote. Naomba msinitie aibu. Likitokea jambo moja tu, sitakuwa na mdomo."

Kimya aliingia kwa Walioridhika kwa kupumzika tu, kama mtu afunguaye dirisha. Akasoma:

"Chaja yenu ni moto wa kuotea mbali. Mimi na wanangu tumeuotea kwa jirani, tukiwa nje na mablanketi. Nyota tano."

Akatabasamu. Halafu akarudi mwanzo, akasoma tena, na tabasamu likabaki usoni halina pa kwenda.

Akatafuta chaja ileile kwenye kikapu. "Chaja moto." "Moto sana hii!" "Ni moto jamani." Aliyasoma moja baada ya jingine, akiyageuza kama mtu anayegeuza nguo kutafuta upande wa nje. Mwenye furaha na mwenye kiganja kilichoungua walikuwa wameandika maneno yaleyale. Kisha akainuka bila kusema, akaenda kichwani mwa kitanda cha baba na kuchomoa chaja iliyokuwa ukutani. Ilikuwa ya aina hiyohiyo. Wafanyakazi huuziwa kwa bei nafuu. Ilikuwa na joto, lakini chaja gani haina joto?

"Mbona unanichomolea? Simu ina nusu," baba alisema.

"Nakuletea nyingine."

Alimpigia Mzee wa Foleni kwanza, kwa sababu ndiye anayeheshimu woga wake na hamkatizi. Alimsomea maoni. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya sufuria, kisha sufuria ikanyamaza.

"Huyo ni mmoja, mdogo wangu."

"Sijui kama ni mmoja, kaka. Ndiyo shida. Hayajulikani."

"Basi sikiliza. Tunaiondoa ile kanuni sisi wenyewe, polepole. Yatakayokuja tutayasoma kwa macho. Hakuna haja ya kulipigia ngoma."

"Na waliokwishanunua?"

Sufuria ikasikika ikiwekwa chini. "Wewe unajua wanangu walikuwa wananiitaje nilipokuwa naenda ofisini?" alisema baadaye, na hakukuwa na mzaha safari hii. "Mgeni. Mdogo alikuwa akiniona Jumapili anakimbilia nyuma ya mama yake. 'Mama, yule mgeni kaja.' Sasa ananipanda mgongoni. Ukilisema hili, watasema ndiyo matokeo ya kukaa nyumbani, watu hawaketi pamoja, wanaidhinisha ujinga kwenye simu. Wataturudisha wote. Na baba yako je?"

"Najua, kaka."

"Sikutishi. Nakuambia tu nilivyochoka."

Alipokata simu, baba alikuwa anamwangalia. Nyumba ndogo haina siri.

"Kwani wewe ni zimamoto?" alimwuliza.

"Baba..."

"Nauliza. Kampuni ina wakubwa, ina wanasheria, ina hilo dawati la sijui nini. Wote hao wamekaa, anayetoka na ndoo ni wewe, mtoto usiyeweza hata kumwambia muuza duka chenji haijatimia." Alivuta shuka lililokuwa magotini. "Nyamaza, mama. Si kila mluzi ni wa kuitikia. Nani atanitoa kitandani?"

Alisema hilo la mwisho kwa sauti ndogo, akitazama nje. Baba humwita mama akitaka kumbembeleza. Safari hii ilisikika kama anamwomba mamaye kweli.

Kimya alirudi mezani. Namba ya mteja ilikuwa palepale, chini ya nyota. Kupiga simu kwa mtu asiyemjua ni jambo ambalo Kimya hulikwepa kama mvua. Huandika kwanza atakachosema, hujikohoza, huomba isipokelewe. Ilipokelewa mara moja, na mwanamke.

"Nani mwenzangu?"

"Napiga kutoka dukani, mama. Kuhusu maoni yako. Ya chaja."

"Ahaa! Mmeziona nyota?"

"Nimeziona. Nilitaka kuuliza kama... kama mko salama."

Sauti ya mwanamke ikashuka, kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi akakuta mlango uko wazi. Kisha akaeleza. Chaja ilikuwa imechomekwa nyuma ya kochi. Pazia lilishika kwanza. Watoto walikuwa wanaangalia katuni, mkubwa akadhani ni harufu ya jirani anaunguza chungu. Walitoka. Kochi halipo, ukuta ni mweusi, mdogo hataki kulala chumba chenye waya.

"Lakini kwa nini ulitoa nyota tano?" Kimya aliuliza.

"Mara ya kwanza nilitoa moja. Nikaandika ukurasa mzima. Hakuna aliyenijibu. Shoga yangu akaniambia, hao wanaojibiwa ni wa nyota tano. Nikajaribu, na kweli mmenijibu! Ngoja nikusomee." Alisikika akipekua simu. "'Asante, mpenzi mteja! Tumefurahi kwamba umefurahi. Tafadhali waambie na majirani zako.'" Akacheka kicheko kikavu. "Mwanangu, majirani wanajua. Ndio waliokuja na ndoo."

Kimya aliona uso wake kwenye kioo cheusi cha kompyuta, ambayo ilikuwa imejizima kwa kusubiri. Alitaka kusema pole, akasema, ikatoka nyembamba. Mwanamke akamwambia, "Haya, asante. Angalau wewe una sauti." Akakata.

Akaifungua tena kompyuta na kutafuta yale ya nyota moja. Yalikuwepo, ukurasa mzima kweli, yenye neno moto mara nyingi kiasi kwamba programu ilikuwa imeyahesabu kuwa ni sifa tupu. Yalikuwa kwa Walioridhika.

Mkutano wa mchana ulianza kama kawaida. Mama Pacha alikuwa na mtoto mmoja begani na mwingine miguuni. Mzee wa Foleni alikuwa amevaa shati lenye kola juu na, kila mtu anajua, kaptura chini. Msimamizi akasoma matangazo. "Kuna mwenye neno?" akauliza, na kidole chake kilikuwa tayari kinaenda kufunga.

"Mimi," Kimya alisema.

Mama Pacha aliinua macho. "Leo kuna nini? Kimya kingi kina mshindo jamani."

Mzee wa Foleni hakucheka. Aliangalia chini.

Kimya hakuwa na maneno mazuri. Alisoma maoni ya mwanamke, yote mawili, akasoma jibu walilomtumia, akasema chaja hiyo bado inauzwa mpaka dakika hii, na kwamba katika kikapu cha furaha kuna maoni mengine mengi yanayosema moto, na hakuna njia ya kujua yanasema nini ila kuwapigia wenyewe, mmoja mmoja. Mtoto wa Mama Pacha alianza kulia na safari hii mama yake hakuzima kipaza sauti, alisahau.

Msimamizi alivua miwani, akajikanda macho kwa muda mrefu.

"Kanuni ile niliidhinisha mimi," alisema.

"Niliileta mimi," alisema Mzee wa Foleni.

"Chaja inatoka dukani sasa hivi. Tugawane namba, tuanze kupiga." Msimamizi akavaa miwani tena. "Na mnajua itakayofuata. Nitaipeleka juu kama ilivyo, siwezi kuipamba. Wataniuliza ilikuwaje watu wanne wasione. Sitakuwa na jibu watakalolipenda."

"Tunajua," Mama Pacha alisema.

Walipiga simu mchana wote. Wengi walikuwa na furaha ya kweli, wakashangaa kupigiwa. Mmoja alidhani ameshinda zawadi na akakasirika aliposikia hajashinda. Mmoja alisema chaja yake iliyeyuka, akaitupa, akanunua nyingine hapohapo dukani kwao kwa sababu ilikuwa na nyota nyingi. Kimya aliongea mpaka koo likakauka. Baba alikaa kwenye kiti chake bila kudai kurudishwa kitandani, ingawa wakati wake ulikuwa umepita.

Jioni ujumbe wa wenye kampuni ulifika, mfupi. Chaja imeondolewa, wateja wote wanaandikiwa waache kuitumia. Msimamizi aliongeza mstari wake mwenyewe: wakubwa wameamua, kuanzia wiki ijayo, wote ofisini, kila siku. Chini yake Mzee wa Foleni alikuwa ameandika, "Sawa." Halafu, baada ya muda, kwa Kimya peke yake: "Sina kinyongo, mdogo wangu. Ila niache nisipokee simu, leo tu."

Kimya alifunga kompyuta na kwenda kuketi sakafuni karibu na kiti cha baba. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa.

"Umesema," baba alisema.

"Nimesema."

"Wanawarudisha."

"Wiki ijayo. Nitamwomba shangazi awe anapita mchana. Nitakuachia maji, chakula..."

"Shangazi yako ana mgongo. Tutakuwa wagonjwa wawili tunaangaliana." Alitazama kitanda, upande wa pili wa chumba, kama mtu anayepima kitambaa asichotaka kukikata. Hakuwa amemsamehe, hilo lilionekana kwenye taya.

"Haya," alisema mwishowe. "Sogeza hiyo meza."

"Unataka nini?"

"Sogeza, halafu simama hapo. Usinishike. Nikianguka ndipo unishike."

Alishika mikono ya kiti. Akavuta pumzi, akajaribu, akarudi chini. Akatukana kimyakimya, tusi la mafundi cherehani, akajaribu tena. Safari hii aliinuka nusu, mikono ikimtetemeka, chuma kikiwa ndani ya mguu kama mgeni asiyetaka kuaga. Kimya alisimama mbele yake, viganja wazi kwa kila upande wa kiuno chake, karibu sana, bila kumgusa.