Mzee Aliyekataa Kupanda Mlima

Ratsimba alimwaga ramu ya tambiko barabarani kwa mara ya tatu, akanigeukia na chupa mkononi. "Fundi, funga hilo boneti. Hili si jambo la spana. Mzee hataki kupanda."

Nilikuwa nimeinamia injini ya Pijo yangu, pikapu ambayo nimeifungua na kuifunga mara nyingi kuliko ninavyovua shati, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini ya ufundi sikujua inaumwa nini. Kwa mtu mwenye majivuno kama mimi, hilo ni gumu kulimeza.

Nyuma, chini ya turubai, alilala mzee mwenyewe: mifupa iliyoviringishwa kwenye sanda ya hariri, juu yake mkeka mpya. Asubuhi ile tulikuwa tumemfukua kwenye mashamba ya miwa huko pwani, na sasa tulimpeleka kwao nyanda za juu, kwenye kaburi la ukoo, bendera ikipepea juu ya gari. Mnajimu alikwisha kusema: aingie kabla ya jua kuzama. Likizama, mlango wa kaburi unafungwa, na haufunguliwi tena mpaka ipite miaka saba.

Kwa Ratsimba miaka saba si kitu. Lakini pembeni ya mkeka alikaa shangazi yake, Bibi Razafy, binti wa marehemu, mwenye umri wa miaka themanini na moja. Baba yake alichukuliwa na Wafaransa kwenye kazi ya lazima yeye akiwa bado tumboni. Hakurudi. Kijijini walisema alipata mke mwingine huko pwani na kwao hakukutaka tena, na Bibi alikua akiyasikia maneno hayo kisimani, sokoni, hata siku ya harusi yake. Sasa gari nalo lilikuwa linasema yale yale.

Pwani tulitoka vizuri. Milima ilipoanza, nguvu zikaisha. Si kuzimika kwa ghafla. Nakanyaga mafuta, gari linalegea. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza, kisha linasimama. Tukikaa robo saa linawaka, linavuta kama fahali kilomita nane au tisa, halafu ugonjwa unarudi. Mara ya kwanza ndugu niliowapakia nyuma wakasema kuna mtu kabeba nyama ya nguruwe, na kwa mzee ni mwiko. Mizigo yote ikapekuliwa, hadi kikapu cha Bibi.

"Mimi nimtafune nguruwe kwa meno gani?" akawauliza.

Mara ya pili nilisafisha kabureta na plagi, nikakung'uta filta ya hewa. Moto wa plagi ulikuwepo. Nilipochomoa mpira wa petroli, mafuta yalikuja kwa unyonge, matone matone, nikabadilisha filta yake, nikafunga boneti kwa kishindo ili wote wasikie kwamba kazi imekwisha. Tulikwenda kilomita tisa.

Na sasa mara ya tatu. Jua lilibakiza saa mbili, na mbele yetu kulikuwa na kilomita thelathini na tano, karibu zote za kupanda.

"Amekataa," alisema Ratsimba, safari hii kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Shangazi, tusimlazimishe. Tumrudishe alikozoea."

Bibi hakumtazama. Aliweka kiganja juu ya mkeka, akauliza kama vile wako wawili tu chumbani, "Kweli hutaki?"

Roho iliniuma. Ningempa injini yangu aende nayo mgongoni, kama ingefaa kitu.

"Ratsimba, hebu funga mdomo nisikie."

"Usikie nini, na injini umezima?"

"Ndiyo maana nakwambia unyamaze."

Maana nilikuwa nimesikia kitu. Ta. Kimya. Ta. Mlio wa bati linalojinyoosha. Nililala chini kwenye vumbi nikaweka sikio kwenye tangi la petroli. Lilikuwa limebonyea kwa ndani, mashavu yameingia kama ya mzee anayevuta kiko. Tangi likitoa petroli, lazima livute hewa ishike nafasi yake. Kifuniko kina tundu la kazi hiyo, tundu ambalo hata sindano inalipita kwa shida. Nikainuka, nikafunua kitambaa cheupe walichopambia ubavu wa gari. Kifuniko kilikuwa kimevishwa mfuko wa nailoni, tabaka juu ya tabaka, ukakazwa kwa utepe wa mpira na fundo la mtu mwenye subira.

Nikalikata fundo, nikazungusha kifuniko.

Tangi likavuta pumzi. Sijui namna nyingine ya kulisema. Pumzi ndefu, nzito, haikatiki, mpaka majani ya kando ya njia yalionekana yamenyamaza kuisikiliza. Chupa ikamponyoka Ratsimba. Mwanamke mmoja akapiga magoti. Mimi najua ni hewa tu, nimeishi na hewa na petroli na moto tangu ujana wangu, lakini vinyweleo vilinisimama. Chuma kile kilikuwa kinatupandisha mlima huku kimekabwa koo, kikichoka kinapumzika, kisha kinajaribu tena. Niliona haya kwamba nilikitukana njia nzima.

"Ni yeye," mtu alinong'ona. "Ameshusha pumzi."

Bibi alikuwa amesimama kule juu, kashika chuma cha turubai. "Mwanangu, sauti hiyo ni ya nani?"

Ningeweza kumwachia. Ilikuwa sauti nzuri ya kumwachia mtu aliyengoja umri mzima. Lakini nailoni ilikuwa mkononi mwangu, na mimi uongo kuhusu gari siuwezi.

"Ni tangi, Bibi. Liliziba likakosa hewa. Nani kafunga huu mfuko?"

Wakatazamana.

"Mimi," akasema Bibi. "Kule pwani, mlipokuwa mnakula wali. Petroli inanuka, naye kalala pale pale. Nikasema, siku yake ya kwanza na mimi, nimlaze kwenye harufu ile?"

Ratsimba akafungua mdomo. Nikamkata jicho, akaufunga.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyesimamisha gari," Bibi akasema polepole.

"Ndiyo, Bibi."

"Si yeye."

"Si yeye."

"Hakukataa?"

"Hakukataa, Bibi. Hata mara moja."

Aliketi, akauvuta mkeka kwake, akalia kwa sauti bila kumwonea mtu haya. Nikawasha gari. Lilipanda milima ile yote bila kuomba kupumzika.

Tulifika jua likiwa limegusa vilele, ukoo mzima umesimama kuzunguka kaburi na nyuso za wasiwasi. Kabla sijazima injini, Bibi Razafy alikwisha kusimama nyuma ya pikapu, na sijapata kuona mtu akitangaza kosa lake kwa furaha kiasi kile.

"Alikuwa anakuja!" aliwapigia kelele. "Jamani, alikuwa anakuja! Mimi ndiye niliyemchelewesha!"