Mshale Uliorudi

Mjukuu wangu Katunge alivuta upinde kwenye uwanja wa kanisa hapa mtaani Kabiro, na alipoliona tu lile duara la manjano la shabaha, vidole vikafunguka vyenyewe. Mshale ukaruka ua, ukatoboa beseni la jirani yetu Nelima aliyekuwa akifua, mtoto mgongoni.

Mtoto hakuguswa. Lakini kocha wake wa upinde, Khaemba, alisema, "Ukiachia tena kabla ya wakati, upinde unarudi stoo na wewe unarudi nyumbani."

Jioni nikamwambia Katunge, "Kitendawili!"

"Susu, si leo." Ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, kwa lugha yetu.

"Nimesema kitendawili!"

"Haya, tega."

"Nina mjumbe, nikimtuma harudi hata nimwite."

Akaanza kulia. Alijua ni mshale.

Kwetu Kitui, baba yangu hakumruhusu mtu kwenda kuwinda mpaka ajue kuvuta uzi wa upinde na kuurudisha taratibu bila kufyatua, maana mishale ile ilikuwa na sumu. Basi nikamfundisha hivyo. Nilijaza gunia vitambaa vya mitumba kutoka soko la Toi, nikaliegemeza ukutani. Katunge akasimama karibu nalo, macho kafumba, asione cha kumtia kiwewe. Vuta. Mkono uguse kidevu. Pumua. Rudisha. Kila asubuhi, hayo tu.

"Sasa Susu, nitashinda aje kwa kurudisha?"

"Vuta. Mdomo funga."

Uzi bado ulimponyoka vidoleni, na kila gunia lilipolia pu! moyo wangu ulilia nalo. Polepole gunia likanyamaza.

Jumamosi kocha akampima. Nilikaa pembeni, leso mdomoni. Katunge akavuta, safari hii macho wazi kwenye duara la manjano, mkono ukagusa kidevu. Papo hapo Nelima akatokea kwenye pengo la ua, simu sikioni, mtoto mgongoni, akikata njia mbele ya shabaha kama alivyozoea.

Niliona vidole vya Katunge vikianza kulegea kwenye uzi.

Akapumua. Akarudisha.

Nelima akasimama. "Mbona mnaniangalia hivyo? Ama gauni imepanda?"

Khaemba alikuwa ameketi kwenye nyasi, kajishika kichwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Katunge, ngoja apite. Halafu vuta tena."