Kulabu Isiyo na Namba

Kabla ya kila kazi, fundi wa kuning'iniza taa na spika alimwaga boksi lake la kulabu sakafuni akaisaka moja tu, ile iliyofumbuka mdomo. Miaka minne nyuma aliichagua mwenyewe, haina hata namba ya uzito ubavuni, kwa kuwa ilikuwa karibu na mkono na mwenye shughuli alikuwa akimharakisha. Spika ikamwangukia mdogo wake wa tumbo moja.

Baada ya maziko aliitumbukiza chooni. Wiki iliyofuata akaikuta ndani ya boksi, kavu kabisa. Akaitupa tena, ikarudi tena. Mwisho akasalimu amri. Akawa anaitafuta, na katika kuitafuta anashika kila kulabu na kusoma namba yake, mpaka aifikie ile na kuiweka kando. Ndipo hupanda ngazi.

Leo haikuwemo. Alilikung'uta boksi mara mbili, akatupa jicho kwenye kulabu mpya alizonunua asubuhi. Hamna! Alifurahi hadi machozi yakamlengalenga, akapanda kufunga spika huku akipiga mluzi.

"Shemeji, wewe na mluzi? Leo mvua itanyesha," mjane wa mdogo wake alimtania kutoka viti vya mbele vya ukumbi, fundi aliposhuka. Alikuwa amemleta binti yake kufanya mazoezi ya kuimba. Alama ya chaki ya mahali pa kusimama binti ilikuwa moja kwa moja chini ya spika ya kushoto.

"Ile kulabu haimo, shemeji. Mdogo wangu amenisamehe."

Kicheko kikamkauka mama wa watu. "Nani alikwambia ana kinyongo na wewe? Yule alikuwa anakufanya ukague kulabu. Namba umezisoma?"

Fundi akageuka. Binti alikwishasimama kwenye chaki, anakohoa kusafisha koo.

"Toka hapo! Toka!"

Binti akaruka pembeni. Fundi akapanda ngazi tena. Kulabu ya kushoto ilikuwa mpya, inang'aa, ubavu mtupu bila namba, na mdomo umeshaanza kufumbuka.

Aliishusha spika taratibu kwa mnyororo, akaketi chini akilia waziwazi, hana hata aibu. Akatia mkono mfukoni kutafuta leso. Vidole vikakutana na ile kulabu kuukuu, mdomo wazi, ina joto kama imetoka mkononi mwa mtu.